"Nisainie": Barua ya Wazi kutoka Asiatique

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Benki ya Jamhuri ya Burundi, na kwa wakurugenzi wa benki na mashirika ya mikopo midogo ya Bujumbura.



Mimi ni karani. Kwa miaka 26 nimeshika daftari za duka la jumla la vitambaa hapa Asiatique, na kwa kuwa Kifaransa nakisoma bila kuazima macho ya mtu, jioni baada ya alasiri watu huniletea karatasi zao za benki. Hawaji na swali. Huja na bahasha ya kaki iliyokunjwa mara mbili, wakaiweka mezani kati ya kikokotoo na mkasi, wakasema: "Baba, hebu niangalizie." Wengi wao wanakuja wakiwa wamekwisha kusaini.

Mmoja ni mama wa Buyenzi ninayemwita shangazi ingawa hatuna nasaba. Anauza mchele kwa kilo. Miaka miwili iliyopita mpwa wake alimjia asubuhi, amevaa shati jipya, akamwambia: "Shangazi, nisainie." Wakaenda pamoja benki, akaonyeshwa mahali, akasaini. Ukurasa wa tisa, chini, upande wa kulia. Alipofika kwangu, mpwa alikuwa amevuka kwenda Uvira na simu yake haipatikani, naye shangazi ameshika barua ya pili ya kudaiwa. Juu ya sahihi yake yalikuwa yamepigwa chapa maneno mawili: caution solidaire.

"Maana yake nini, baba?"

"Maana yake deni ni lako."

"Lakini mimi sikukopa. Mimi nilisaini tu."

Alidhani amekuwa shahidi, kama shahidi wa ndoa: unakaa, unashuhudia, unakula biriani, unarudi kwako. Benki hiyo siitaji, maana ingeweza kuwa yoyote kati yenu, na kwa sheria haikukosea hata nukta. Mdhamini wa kawaida hufuatwa baada ya mkopaji kufuatwa na kushindwa. Lakini likiongezwa lile neno la pili, solidaire, mdhamini na mkopaji wanakuwa mwili mmoja mbele ya benki. Benki inamwendea yeyote kati yao, kwanza au mwisho, na kumdai deni zima, tena bila kulazimika kuvuka mpaka kumtafuta kijana wa Uvira. Ikaja Buyenzi, ambako kuna mwanamke mwenye anwani, mwenye mizani na magunia ya mchele.

Nimelifikiria sana lile neno alilotumia mpwa. Hakusema "nidhamini." Kiswahili kinalo neno hilo, na kila mtu wa mtaa huu anaujua uzito wake. Ukiambiwa "nidhamini," unauliza: unalipwa kiasi gani, nani mwingine anakudai, baba yako anajua? Ukiambiwa "nisainie," unauliza kalamu iko wapi. Na karatasi, ambayo ndiyo ingepaswa kumzindua, ilikuwa katika lugha asiyoisoma. Basi neno jepesi lilitoka kinywani mwa mpwa, neno zito likabaki kwenye karatasi, na kati ya mawili hayo hapakuwa na mtu wa kusema: mama, ngoja kwanza.

Ndiyo sababu ya barua hii. Naomba karatasi za benki zizungumze kwa maneno ambayo watu wanayatumia wanapopatana bei. Kirundi kwanza, maana ndiyo lugha ya taifa. Lakini huku Asiatique, Buyenzi na Kinama, watu wanapatana kwa Kiswahili, na wamefanya hivyo tangu kabla ya kuwapo benki yoyote mjini.

Mtaniwia radhi nikirudi nyuma kidogo. Wajerumani walipoweka kambi yao Usumbura, yaani Bujumbura ya leo, mwaka 1897, walikuta njia za wafanyabiashara wa Ujiji zimekwisha kufika pande hizi za ziwa. Baadaye wakaja Wahindi na Waarabu wenye asili ya Omani wakafungua maduka, na Wabelgiji walipogawa mji kwa rangi, wakatengewa mtaa wao, huu tunaouita Asiatique hadi leo. Watu hao hawakuja na vitambaa na chumvi tu. Walikuja na msamiati mzima wa fedha. Pesa lenyewe ni neno la Kihindi. Kampuni ya Kijerumani ililipiga chapa kwenye sarafu mwaka 1890, na rupia moja ilikuwa pesa 64. Mwaka 1904 Wajerumani wakabadili, rupia ikawa heller 100, na kutokana na heller hiyo Warundi tunasema amahera mpaka leo, bila kukumbuka kwamba tunataja senti ya mkoloni aliyeondoka zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Laki na hundi zimetoka Bara Hindi. Hawala, amana, rehani, riba, faida, hasara, hisa na rasilimali ni za Kiarabu.

Wala hayakuwa maneno ya mapambo. Misafara iliyotoka pwani kuja Tabora na Ujiji ilikwenda kwa mkopo. Tippu Tip mwenyewe alifanya biashara yake kwa mali ya Taria Topan, tajiri wa Kihindi wa Unguja, na mali hiyo ilikuwa na masharti, muda na namna ya kurejeshwa. Palikuwa na mkopaji, mkopeshaji, mdhamini na hatari ya njiani, na vyote vilikuwa na majina. Leo mjukuu wa mjukuu wa watu hao anakaa mbele ya afisa wa mikopo mwenye tai, anapewa kurasa kumi na nne, na anakuwa bubu.

Sasa niseme jambo litakalowachukiza baadhi ya majirani zangu. Kutafsiri peke yake hakutoshi, maana maneno yetu wenyewe nayo yana mitego.

Chukueni riba. Kwa Kifaransa mnasema intérêt, neno laini, kama vile mtu anapendezwa na jambo fulani. Kwa Kirundi mnasema inyungu, neno ambalo pia ni faida yangu ninapouza kitenge. Kiswahili kinatenganisha: faida ni ya biashara, riba ni ya mkopo, na kwa Mwislamu neno hilo la pili lina hukumu ndani yake. Nimewahi kumsikia afisa mmoja kijana akimwambia mzee wa msikitini kwetu kwamba mkopo wao "hauna riba, una gharama ya huduma." Gharama hiyo ilikuwa asilimia fulani ya deni, kwa mwaka. Mzee akatabasamu, akaaga. Kama benki inatoza riba, iandike riba. Asiyeitaka aondoke akijua anachokikimbia, na anayeikubali aikubali kwa jina lake. Na kama mnataka kweli kumhudumia yule mzee, njia ipo na majirani wameipita: Kenya ilipata benki zake za Kiislamu mwaka 2008, Tanzania ikaipata Amana Bank mwaka 2011. Murabaha si kitendawili. Benki inanunua mzigo, inauonyesha, inamuuzia mteja kwa bei iliyoongezwa na kutajwa tangu mwanzo. Kila muuza duka wa Asiatique anafanya hivyo kila siku. Amekosa tu mtu wa kumwambia kwamba jambo hilo lina jina.

Mtego wa pili ulininasa mimi mwenyewe, karani ninayewapigia wengine hesabu.

Mwaka wa harusi ya binti yangu nilikopa faranga milioni 12 kwa mwaka mmoja. Afisa akaniambia: asilimia 18. Nikaridhika, kwa sababu kichwani mwangu nilijua hesabu inavyokwenda. Kila mwezi nalipa milioni moja ya deni, na riba inapigwa juu ya kilichobaki. Asilimia 18 kwa mwaka ni moja na nusu kwa mwezi. Mwezi wa kwanza nadaiwa milioni 12, riba ni 180,000. Mwezi wa pili nadaiwa 11, riba ni 165,000. Inashuka hivyo hivyo mpaka mwezi wa mwisho, ambapo nadaiwa milioni moja na riba ni 15,000. Jumlisha yote: 1,170,000. Nikaandika tarakimu hiyo kwenye daftari la harusi, chini ya kodi ya viti.

Ilipokuja ratiba ya marejesho, kila mwezi ulikuwa sawa: 1,180,000. Mara kumi na mbili ni 14,160,000. Yaani riba 2,160,000. Nikadhani wamekosea kuchapa. Hawakukosea. Asilimia 18 yao ilipigwa juu ya milioni 12 zote, mwezi wa kwanza mpaka wa mwisho, kana kwamba sikurudisha hata senti. Mwezi wa kumi na mbili, nilipokuwa nadaiwa milioni moja tu, bado nililipa riba ya milioni 12. Hiyo inaitwa riba bapa, na ile niliyoidhania mimi inaitwa riba ya salio linalopungua. Zote mbili zinatamkwa kwa neno moja na tarakimu moja, "asilimia 18," lakini tofauti yake kwangu ilikuwa faranga 990,000. Ukiigeuza ile bapa iwe ya salio, inakaribia asilimia 32 kwa mwaka.

Tena hizo milioni 12 sikuzipata. Asilimia mbili zilikatwa kwa ajili ya kufungua faili na moja kwa ajili ya bima, nikatoka mlangoni na 11,640,000. Riba nililipa juu ya 12.

Nilikuwa na swali moja tu la kuuliza: "Asilimia 18 ya nini?" Sikuliuliza. Na hapa siwezi kuitupia benki lawama zote. Sisi watu wa Asiatique tuna aibu ya ajabu. Mtu anabishana dakika arobaini juu ya bei ya robota moja la vitenge, anashika kitambaa, anakivuta, anakinusa, anatoka mlangoni na kurudi mara tatu. Akifika benki anakuwa mpole kama bwana harusi. Anaona kuuliza ni kukiri kwamba hajui, na mbele ya kijana aliyezaliwa juzi hataki kukiri. Mimi niliona haya kwa sababu mimi ni karani. Mwingine anaona haya kwa sababu yeye si karani. Benki inatuona tunatikisa kichwa, inadhani tumeelewa.

Mengine nitayapitia haraka, maana mnayajua. Agios: mteja anaona kwenye historia ya konti yake makato yenye jina hilo na anafikiri ni kodi ya serikali, kumbe ni gharama ya kuchukua zaidi ya alichonacho. Rehani: watu wanasema "nimeacha karatasi za nyumba benki," kama mtu anavyoacha mwavuli kwa jirani. Amana ya muda maalumu: ukiivunja kabla ya siku yake, riba uliyoahidiwa inaondoka, na hilo limeandikwa kwenye ukurasa wa mwisho, kwa herufi za ukubwa wa chembe za sukari.

Lakini juu ya akiba nitakaa kidogo, kwa sababu hapo ndipo neno jema linaumiza watu wema.

Akiba kwetu ni kitu kinachobaki. Wahenga walisema akiba haiozi, na mabango ya benki hapa mjini yangeweza kuibeba methali hiyo bila kubadili herufi. Ila akiba ya faranga huoza. Mwaka 2023 bei nchini zilipanda kwa zaidi ya asilimia 20. Chukueni mjane aliyeweka milioni moja kwenye konti ya akiba, na tuseme benki inampa asilimia sita. Mwisho wa mwaka anaona 1,060,000 na anamshukuru Mungu. Wakati huohuo, mchele, sukari na mafuta aliyoweza kununua kwa milioni moja vinauzwa milioni moja na laki mbili. Amepata 60,000, amepoteza 140,000 asizoziona, kwa sababu hazikuandikwa popote. Mfumuko wa bei ndiyo gharama pekee ambayo haitokei kwenye historia ya konti. Sisemi benki ndiyo iliyomwibia. Nasema mtu aliyemfungulia konti angeweza kumweleza kwa dakika mbili kwamba tarakimu kukua si sawa na mali kukua.

Mwaka huohuo, Mheshimiwa Gavana, tulipewa masomo mawili ya msamiati bila mwalimu. Mwezi Mei thamani ya faranga ilishushwa: dola kwa kiwango rasmi ikatoka faranga elfu mbili na kidogo, ikafika takriban 2,800. Hapa dukani watu wawili waligombana mpaka wakaachana na chai yao. Mmoja anasema dola imepanda zaidi ya theluthi, mwingine anasema si kweli, faranga imeshuka zaidi ya robo tu. Wote wawili walikuwa sahihi. Ni umbali uleule, umepimwa kutoka ncha mbili. Nilichukua karatasi ya kufungia kitambaa nikawachorea, lakini mmoja wao mpaka leo anaamini nilimpendelea mwenzake.

Kisha mwezi Juni zikaja noti mpya za 5,000 na 10,000. Tulipewa siku kumi kubadili zile za zamani. Tangazo lenyewe lilikuja baada ya uvumi, na uvumi ulikuwa na Kiswahili kizuri kuliko tangazo. Wengine walisikia kwamba pesa zote zimekufa. Wengine wakasikia ni za 10,000 peke yake. Bibi mmoja alifika dukani na mfuko wa unga wenye noti ndani, anataka anunue kitambaa chochote, cha rangi yoyote, kabla jua halijazama. Tukamkalisha, tukampa maji, tukamweleza kwamba noti zinaondolewa kwenye mzunguko na kubadilishwa, kwamba aende benki na kitambulisho chake. Alikuwa na siku saba mbele yake. Hakuzijua.

Sijui kama wapo kati yenu waliosimama kwenye foleni za wiki ile. Mimi nilisimama, na nilichokiona ni kwamba maneno matatu yalikuwa yanachanganywa kila baada ya watu wawili: kushusha thamani, kubadili noti, na kufunga konti. Kila moja lina maana yake, na mtu akichanganya la kwanza na la tatu, anakwenda kuchimbia pesa chini ya kitanda. Wengi wamezichimbia. Mnauliza kwa nini fedha hazirudi benki. Mimi nawajibu kwamba sehemu ya jibu iko katika kamusi.

Sasa kuhusu uwekezaji, ambao ndio mnaotuhimiza siku hizi.

Benki Kuu huuza kwa mnada karatasi za Hazina. Kuna za majuma, zinazomalizika kabla ya mwaka kwisha, na kuna za miaka. Mtu wa kawaida anaweza kuingia kupitia benki yake. Ni jambo zuri, na wengi wa hapa wana fedha zinazolala. Lakini zile za miaka zinaitwa obligations du Trésor. Nilimweleza mzee mmoja muuza vipuri, ana watoto watano na akili ya biashara inayokata kama wembe. Aliposikia tu "obligation" akanyanyuka: "Serikali inanilazimisha? Mimi nimekosa nini?" Nikamkalisha, nikasema hapana, ni hatifungani, unaikopesha serikali kwa miaka kadhaa, inakulipa riba kwa vipindi, siku ya mwisho inakurudishia mtaji wako. "Aa," akasema, "kwa hiyo mimi ndiye benki." Sijapata kusikia maelezo bora zaidi ya hayo.

Mtego upo hapa pia. Tanzania hati hizi za Hazina huitwa dhamana za serikali. Ukilileta neno hilo Asiatique bila kulitafakari, mtu atauliza: dhamana? Serikali inanidhamini, au mimi naidhamini serikali, au nyumba yangu ndiyo inashikwa? Kwetu dhamana ni kile kilichommaliza shangazi wa Buyenzi. Ndiyo maana nasema msitulete kamusi ya Dar es Salaam mkaibandika ukutani. Kuna maneno ya huko yatakayotufaa sana. Mfuko wa Umoja wa mwaka 2005 ulipowauzia Watanzania sehemu ndogondogo za uwekezaji wa pamoja, sehemu hizo zikaitwa vipande, na mtu yeyote aliyewahi kugawana muwa anajua kipande ni nini. Kenya, mwaka 2017, waliuza hatifungani kwa simu kuanzia shilingi 3,000 tu, wakaiita M-Akiba. Na kuna maneno yetu wenyewe. Likirimba, kwa mfano. Wanawake wa masoko ya hapa wanachanga kila juma na kupokezana fungu zima, na ndani ya likirimba kuna zamu, kuna faini ya kuchelewa, kuna mdhamini na mtunza hazina, kuna hata bima ya msiba. Afisa wa mikopo angeanza maelezo yake kutoka hapo, nusu ya kazi ingekuwa imekwisha.

Najua mtanijibu kwamba sheria ya shughuli za benki ya mwaka 2017 ipo, na kwamba zipo kanuni za kumlinda mteja. Najua pia kwamba lugha rasmi za nchi ni Kirundi, Kifaransa na Kiingereza, na Kiswahili hakimo. Sina ugomvi na hilo. Mikataba ibaki katika lugha inayokubalika mahakamani. Majirani zetu wa Tanzania walitumia Kiingereza katika mahakama za juu kwa zaidi ya nusu karne baada ya uhuru, mpaka sheria ilipobadilishwa mwaka 2021, na hata kabla ya hapo matangazo ya akiba na mikopo yalizungumza Kiswahili. Benki tatu zilizoingia hapa kutoka Kenya na Tanzania tangu nchi ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007 zinazungumza Kiswahili na wateja huko kwao. Zingevuka nacho mpaka tu, kama zilivyovuka na nembo zao.

Ninachoomba ni ukurasa mmoja. Uwekwe juu ya mkataba, usomwe kwa sauti kabla kalamu haijatolewa, kwa Kirundi au kwa Kiswahili, kama mteja atakavyochagua. Uandikwe kwa faranga, usiandikwe kwa asilimia peke yake: utapokea mkononi kiasi hiki, utarudisha kwa jumla kiasi hiki, kila mwezi kiasi hiki. Uitaje nyumba au kiwanja kilichowekwa rehani kwa mahali kilipo. Umtaje kila mdhamini kwa jina lake na useme wazi kwamba anaweza kudaiwa deni lote peke yake hata kama mkopaji yupo. Uonyeshe ukichelewa siku kumi unaongezewa nini. Na mdhamini apewe nakala yake aende nayo nyumbani akalale nayo, asaini kesho yake. Usiku mmoja tu. Shangazi angelala na karatasi ile, asubuhi angemwuliza mwanawe aliye sekondari, na mpwa angelazimika kutafuta mtu mwingine au kufanya kazi.

Maneno ya kutumia kwenye ukurasa huo msiyatafute mbali. Njooni Asiatique siku ya kazi, msije Jumapili maduka yakiwa yamefungwa. Leteni mwanasheria wenu na mtu mmoja wa Kirundi. Mimi nitawakusanyia muuza vipuri, mama mmoja wa likirimba, imamu, na kijana anayeuza Lumicash, pesa za simu, chini ya mwavuli pale kona, ambaye nadhani anajua zaidi ya sisi sote namna ya kumweleza mtu makato ndani ya nusu dakika. Kahawa ya tangawizi na kashata zitakuwapo. Kwa asubuhi mbili orodha itakuwa imekwisha, na sitaomba posho.

Nimalize, maana kuna mtu ananisubiri. Ni mama mjane, anataka kupanua duka la vyombo, na amepewa kurasa kumi na nne za kusaini Alhamisi saa tatu asubuhi. Shemeji yake amekubali "kumsainia." Nimemwita na huyo shemeji aje, amekaa hapa mbele yangu, hana raha, anaangalia saa. Tumefika ukurasa wa sita. Nimempa kalamu nyekundu, nimemwambia apige mstari chini ya kila neno asilolielewa, na mpaka sasa ukurasa ni mwekundu kuliko ulivyo mweupe.

Wenu,

Karani wa duka la vitambaa, Asiatique, Bujumbura